Kwa Nini Mama Yake Yusuf Alipika?



Juma hili tunapenda kuwashirikisha yaliyojiri katika kikundi chetu cha wasomaji, kile kinachokutana Alhamisi ya mwisho wa mwezi katika ukumbi mdogo hapa Kilwa Masoko. Wengi wenu mmetuuliza baada ya Misa: “Je, mkutano na mwandishi uliendaje?” Habari zilikuwa zimeenea hadi Kivinje kwamba mwandishi mwenyewe angefika. Hakufika, wala hakuwa ameahidi kufika, kwani anaishi Uingereza na ni mtu wa umri mkubwa. Hata hivyo tunathubutu kusema kwamba tulikutana naye, na kwamba mkutano ule ulitugharimu zaidi ya tulivyotazamia.

Riwaya tuliyoisoma ni Peponi, ya Abdulrazak Gurnah. Mwandishi huyu alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, akaondoka kwenda Uingereza akiwa kijana mwishoni mwa miaka ya 1960, akafundisha fasihi kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Kent mjini Canterbury, na mwaka 2021 akatunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Kitabu chake alikiandika kwa Kiingereza, kikatoka mwaka 1994 na kuingia katika orodha ya mwisho ya kuwania Tuzo ya Booker. Watu wa pwani, ambao habari zao ndizo zinazosimuliwa humo, tulingoja miaka 28 kukisoma kwa lugha yetu, hadi Ida Hadjivayanis alipokifasiri na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam wakakichapisha mwaka 2022. Kikundi chetu kilikuwa na nakala tatu tu. Tulizizungusha nyumba kwa nyumba muda wa miezi miwili, na zimerudi zikiwa na alama za samli na vumbi la muhogo, jambo ambalo kwa kitabu hiki si fedheha.

Tunasema hivyo kwa sababu riwaya yenyewe inaanzia jikoni. Yusuf ni mtoto wa miaka kumi na miwili. Baba yake ana hoteli ndogo katika mji mdogo wa reli, na biashara haiendi. Mara chache kwa mwaka hupita mfanyabiashara tajiri, Aziz, ambaye mtoto amefundishwa kumwita “ami”. Siku anapokuja, nyumba hugeuka. Nyumba ambayo siku nyingine mtoto hulala na njaa, siku hiyo hunukia mchuzi wa kuku na wa nyama ya kondoo, wali uliong'aa kwa samli na kutiwa zabibu na lozi, maandazi na mahamri, mchicha wa nazi, na samaki mkavu aliyebabuliwa katika makaa. Mtoto huzunguka akitamani hadi machozi yamlengelenge, akingojea makombo ya mgeni. Ziara ya mwisho, mgeni anapoondoka, Yusuf anaambiwa afunge mzigo wake, anasafiri na ami. Anapanda garimoshi akidhani anakwenda kutembea. Huko pwani, katika duka la Aziz, kijana mwenzake aitwaye Khalil ndiye anayemfumbua macho: huyu si ami yako. Baba yako anadaiwa, nawe umewekwa rehani.

Kwa ajili ya mkutano wetu akina mama walipendekeza tupike karamu ile ile, kila mmoja achukue chakula kimoja. Ikawa hivyo. Kuku walichinjwa na jirani yetu Mwislamu, mwalimu wa madrasa, ili wanakikundi wa dini zote mbili wale bila wasiwasi. Kama mjuavyo, kikundi hiki hakijawahi kuwa cha Wakatoliki peke yao, na katika Kilwa yetu kingekuwa kikundi cha ajabu kama kingekuwa hivyo. Lozi hazikupatikana, tukatia korosho. Samaki mkavu alikuwa ng'onda wa Kivinje. Mama mmoja kutoka bara ya Lindi alileta sinia ya ming'oko iliyochemshwa, ile mizizi inayochimbwa porini, akasema kwamba kitabu kimesahau chakula cha wanaopika. Wao baada ya kumpakulia mgeni wangekula hii. Tulicheka, lakini neno lake lilibaki.

Mwandishi tulimkaribisha kwa njia iliyowezekana. Mwalimu mmoja wa sekondari alikuwa amehifadhi katika simu hotuba ambayo Gurnah aliitoa tarehe 7 Desemba 2021 kwa ajili ya tuzo yake. Tulisikiliza sauti yake, mwalimu akawa anasimamisha na kutufasiria. Tulimsikia akieleza jinsi alivyofurahia kuandika alipokuwa mtoto wa shule huko Unguja. Jinsi kuandika kulivyobadilika alipokuwa kijana mpweke na maskini ugenini. Na jinsi alivyotambua kwamba asipoandika, habari za watu wake zitabaki kama wenye nguvu walivyozipanga, zikiwa zimefutwa yasiyowapendeza. Kisha kila mmoja aliandika swali ambalo angemwuliza mwandishi kama angekuwa ameketi pale. Tulipata maswali kumi na moja. Kwa kuwa hakuwapo wa kuyajibu, tulikubaliana kuyajibu wenyewe, kila mtu akitegemea kitabu na maisha yake.

Mengi yalikuwa maswali ya kawaida. Tulibishana kama Aziz ni mtu mwovu. Wengi walisema hapana: ni mpole, ananukia manukato, hapazi sauti, huwatendea vizuri walio chini yake, na deni ni deni. Wazee walisema hiyo ndiyo hatari yake. Tulizungumza juu ya jina la Yusuf, maana mwandishi amemfuata kwa makusudi Nabii Yusuf wa Kurani, hata ile habari ya kanzu kuchanwa kwa nyuma na bibi mwenye nyumba imo. Nasi tunamfahamu kwa jina la Yosefu, mwana wa Yakobo, aliyeuzwa na ndugu zake kwa Waishmaeli. Mwalimu wa madrasa alitukumbusha kwamba katika Kurani bei haikutajwa, inasemwa tu kwamba zilikuwa dirhamu chache za kuhesabika. Kitabu cha Mwanzo, sura ya 37, kinataja: vipande ishirini vya fedha. Tena kinataja jambo ambalo tumelisoma kila Kwaresima pengine bila kulitazama. Ndugu zake walipokwisha kumtupa kisimani, waliketi kula chakula. Walipoinua macho kutoka katika chakula hicho ndipo walipouona msafara.

Hapo ndipo ilipokuja karatasi ya saba. Iliandikwa kwa penseli, na ilisema hivi: Kwa nini mama yake Yusuf alipika?

Hakuna aliyecheka. Kijana mmoja alijibu haraka kwamba alipika kwa sababu mgeni ni mgeni, na pwani mgeni hapiti mlangoni bila kula. Mwingine akasema mama hakujua. Kitabu kinaona kwa macho ya mtoto, na mtoto huelewa mambo yakiwa yamekwisha kupita. Wa tatu akasema alijua sana, na karamu ile ilikuwa namna ya kuomba muda: mdai aliyeshiba husahau kwa miezi michache. “Alikuwa anamnunua mwanawe kwa pilau, sahani kwa sahani,” alisema, “mpaka siku sahani zilipokwisha.” Tunakiri kwamba hatujasikia uhakiki wa fasihi uliotugusa kuliko huo.

Wapendwa, sisi tunaoishi Kilwa tuna sababu ya kulichukua swali hili kama la nyumbani. Mji wetu uliwahi kutembelewa na mwandishi mkubwa kuliko wote waliopita pwani hii. Ibn Battuta alifika Kilwa Kisiwani mwaka 1331, katika enzi ya Sultani al-Hasan ibn Sulaiman, ambaye watu walimpa lakabu ya Abu al-Mawahib, yaani baba wa zawadi. Msafiri huyo, aliyependa kueleza vyakula vya miji aliyopita, aliandika kwamba sultani wetu alikuwa mnyenyekevu, aliyeketi na mafukara na kula nao. Ni sifa ambayo mtawala yeyote angetamani iandikwe juu yake, nasi tumekuwa tukiwasimulia kwa fahari wageni wanaokuja kuona Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa. Lakini ukurasa huo huo unasimulia fukara kutoka Yemen aliyemwomba sultani nguo alizovaa. Alipewa nguo, kisha akapewa na zawadi nyingine: watumwa na pembe za ndovu. Mkono uliomega mkate pamoja na maskini ndio uliogawa watu kama zawadi, na mwandishi hakuona ajabu.

Miaka zaidi ya mia nne baadaye, tarehe 14 Septemba 1776, sultani mwingine wa Kilwa alitia mkataba na Mfaransa aitwaye Morice. Sultani aliahidi kumpatia watumwa elfu moja kila mwaka. Bei ya kila mtu ilikuwa piasta ishirini. Tuliposoma tarakimu hiyo mbele ya kikundi, mwalimu wa madrasa aliomba tuirudie. Ishirini, kama Yosefu. Na katika karne iliyofuata misafara kutoka upande wa Ziwa Nyasa ilishuka hapa Kivinje, mahali ambapo leo tunanunua ng'onda, na watu waliovuka nchi kwa miguu walipakiwa majahazini. Misafara ile ilikula nini njiani? Ni nani aliyeipikia? Historia haikuandika majina ya wapishi. Ndiyo maana tunamhitaji mwandishi wa riwaya, ambaye anaingia jikoni na kutazama mwanamke akikoroga mchuzi.

Sasa tunafika palipo pagumu. Tulipokuwa tumekwisha kula, bibi mmoja aliyekuwa kimya jioni nzima alisogeza sahani yake. Aliyeandika kwa penseli alikuwa yeye. Alisema, “Baba, mimi chakula hakipiti.” Akatueleza kwamba jirani yake anaye binti wa darasa la sita, umri ule ule wa Yusuf. Baba wa binti alikopa katika miezi ya njaa, akaahidi korosho zake zikiwa bado maua. Biashara hiyo sote tunaijua kwa jina la kangomba, imekatazwa na serikali mara nyingi, na haijafa, kwa sababu njaa haisubiri mnada. Korosho zilikuwa chache. Deni likabaki. Ndipo likaja pendekezo la upole kabisa: binti aende Dar es Salaam akakae na jamaa za mdai, asaidie kazi za nyumbani, atapelekwa shule hukohuko, na deni litazungumzwa. “Wamemwambia anakwenda kwa shangazi,” alisema bibi. “Nauli imekwisha kulipwa. Na mama yake jana alikuja kwangu kuazima sufuria kubwa. Jumamosi wanakuja wageni.”

Hatuna haja ya kueleza ukumbi ulivyokuwa kimya.

Baadhi yetu walisema kwamba hayo ni mambo ya familia ya watu. Wengine walikumbusha kwamba Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka miaka 14 kuwa umri wa chini kabisa wa kuajiriwa, na kwamba ofisi ya kata ipo. Bibi alikataa kuanzia huko. Alisema ukimpeleka baba yule kwa mtendaji, atakuwa ameaibishwa, na mtoto ataondoka usiku. Likazuka pendekezo la kutumia mfuko wa jumuiya, nalo likapingwa, kwa kuwa mfuko ule ni wa misiba. Hapo kijana yule aliyejibu haraka mwanzoni alisimama na kusema neno ambalo wengine walilichukia na wengine walilipenda: kwamba sisi ni hodari wa kumchangia mtu akiwa maiti. Mzee mmoja alikasirika sana. Alisema mfuko wa misiba ndio uliomzika mke wake kwa heshima, na hatakubali uguswe kwa sababu ya riwaya. Tunawaomba msimdhanie vibaya mzee huyo. Alikuwa na haki, na mfuko haukuguswa. Alikuwa pia wa kwanza kuweka noti mezani kutoka mfukoni mwake.

Ijumaa alasiri tulikwenda watu watatu: sisi, bibi mwenyewe, na mwalimu wa madrasa, ambaye mdai ni mwanafunzi wake wa zamani. Tulikuwa tumepanga maneno. Lakini baba wa binti alipotuona alituwahi: “Shikamooni wazee wangu, karibuni, karibuni mle.” Ugali wa muhogo na dagaa vilikuwa vimeandaliwa kwa ajili ya familia. Tuliketi mkekani, tukala chakula cha mtu anayedaiwa, na binti mwenyewe ndiye aliyetunawisha mikono. Tukaelewa jambo ambalo kitabu kilikuwa kimelisema wazi: ni rahisi sana kula katika nyumba yenye shida, kusifu mapishi, na kuondoka.

Mazungumzo yalichukua hadi magharibi. Baba hakuwa mkatili. Alirudia mara kadhaa kwamba mtoto atasoma zaidi huko mjini, na alisema hivyo akitazama chini. Mama alizungumza mara moja tu. Alisema, “Mimi nilikuwa napika ili waseme ngojeni.” Bibi alinyoosha mkono akamshika goti. Usiku ule mwalimu wa madrasa alikwenda kwa mdai peke yake, na waliyozungumza ni yao. Alirudi na kauli kwamba mdai atapokea kile tulichochanga, kisichofika nusu ya deni, na kinachobaki atakingojea hadi mnada wa ufuta, kupitia chama cha msingi na kwa maandishi. Sufuria kubwa ilirudishwa bila kutumika. Jumatatu binti alikuwa darasani.

Hatuwaletei habari hii kama ushindi. Ufuta unategemea mvua, na deni lipo. Mwaka ujao huenda akawa binti wa nyumba nyingine ambayo hatuna bibi jirani. Katika riwaya Yusuf hakombolewi. Vita vya Wajerumani na Waingereza vinakaribia, naye anakimbilia kuwafuata askari, akitoka mikononi mwa bwana mmoja kwenda kwa mwingine. Wanakikundi wengine walimlaumu mwandishi kwa mwisho huo, na hilo lilikuwa swali letu la kumi na moja: kwa nini hakumpa Yusuf njia? Yosefu wa Biblia alipewa. Aliinuliwa, akafungua maghala, na ndugu waliokula chakula juu ya kisima chake walikuja Misri kuomba nafaka, akawaandalia meza. Sisi tunaamini kwamba Mungu anaweza kuugeuza uovu wa watu kuwa uzima wa wengi. Lakini tunaona pia kwamba mwandishi alikuwa mkweli kwa wale elfu moja kwa mwaka ambao hakuna aliyewainua. Kama angetupa mwisho mtamu, pengine tungefunga kitabu, tukaosha sahani na kwenda kulala.

Wapendwa, kuna watu wema wanaotuuliza kwa nini parokia iwe na kikundi cha riwaya wakati Maandiko Matakatifu yenyewe hatujayamaliza. Ni swali la haki. Jibu letu la juma hili ni kwamba tulikuwa tumeisoma habari ya Yosefu miaka yote, na ilitubidi tuisikie tena kutoka kwa mtoto wa Unguja, kwa Kiswahili, pamoja na jirani anayeisoma katika kitabu kingine, ndipo bibi mmoja apate ujasiri wa kuandika sentensi moja kwa penseli.

Kwa ajili ya jumuiya zetu juma hili tunapendekeza mzungumze maswali haya, kwa utulivu na bila kutaja majina ya watu:

1. Katika mtaa wetu, ni nani anayepika ili aambiwe “ngoja”?

2. Miezi ya njaa, kati ya Januari na Machi, mkulima asiye na akiba huenda kwa nani? Je, jumuiya inaweza kuwa mlango mmojawapo kabla ya ule wa kangomba?

3. Mfuko wa misiba ubaki wa misiba. Je, tuko tayari kuanzisha mwingine, hata wa shilingi elfu moja moja, kwa ajili ya walio hai?

Swali la tatu litajadiliwa katika Halmashauri ya Walei Dominika ijayo baada ya Misa ya pili, na mzee yule aliyekasirika amekubali kuwa mwenyekiti wa kikao. Mwezi ujao kikundi kitasoma Utubora Mkulima ya Shaaban Robert, habari za mtu aliyeacha kazi ya mjini akarudi kulima. Nakala ni mbili. Mwenye nyingine ailete. Na atakayeleta chakula, alete ming'oko.

Tunawatakia Dominika njema na juma lenye baraka. Mungu awalinde watoto wetu wote, waliomo nyumbani na walio safarini. Amina.